Sura ya Sita: Je, Kompyuta Hii Itauweza Mchezo wa Mikakati?

Kila mahali zinapouzwa kompyuta mpakato, yaani laptopu, zilizokwisha kutumika kwingine, huulizwa swali moja: je, mashine hii itauweza mchezo wa mikakati, ule ambao mchezaji hujenga miji, huongoza majeshi na kuendesha dola nzima kwa saa nyingi mfululizo? Jibu linalotolewa mara nyingi husomwa kwenye karatasi ya bei, nalo huwa fupi: ikiwa ni Core i5 yenye RAM ya GB 8, itauweza. Sura hii inaeleza kwa nini jibu hilo halitoshi, na kwa nini mtu anayenunua kompyuta ili akaitumie Hombo, kwenye barabara itokayo Bukavu kwenda Walikale, hana budi kuuliza pia kuhusu mambo mawili ambayo karatasi ya bei haiyataji, nayo ni joto na umeme.

Hombo imechaguliwa kuwa mfano kwa sababu mbili. Kwanza, mazingira yake huijaribu kompyuta kwa ukali: mto Hombo hutenganisha Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, barabara inayofika huko hukatiza Hifadhi ya Kahuzi-Biega na kushuka kutoka kwenye baridi ya milimani hadi kwenye msitu wenye joto na unyevu, na umeme wa nyumba nyingi ni ule ambao wenye nyumba hujizalishia kwa paneli ya jua au kwa jenereta, ambayo watu wa Kivu huiita grupe. Pili, bati la Walikale na tantalamu ya Masisi ni miongoni mwa metali zinazoingia katika kompyuta za dunia nzima, na haiwezekani kueleza vizuri jinsi kompyuta inavyostahimili mchezo mzito bila kuzitaja metali hizo na kazi zinayoifanya.

Mchezo wa mikakati huidai kompyuta nini

Michezo ya mikakati ni ya aina mbili. Ipo michezo ya zamu, ambamo kila mchezaji hukamilisha hatua zake kisha akamwachia mwingine, kama Civilization VI ya mwaka 2016, ambayo humwezesha mchezaji kuongoza hata ufalme wa Kongo chini ya Mvemba a Nzinga, mfalme wa karne ya 16 aliyetawala kutoka Mbanza Kongo. Ipo pia michezo ya papo kwa papo, ambamo wote hutenda kwa wakati mmoja bila kungojana, kama Age of Empires II, iliyotoka mwaka 1999 na kutengenezwa upya mwaka 2019, au Total War: Warhammer III ya mwaka 2022, inayopambanisha maelfu ya askari kwenye uwanja mmoja.

Ili kuuelewa mzigo wa michezo hiyo, ni lazima kutenganisha vipande viwili vya kompyuta ambavyo wanunuzi wengi huvichanganya. Prosesa ni chipu inayofanya hesabu na kufikia maamuzi, ilhali kadi ya picha ni chipu inayochora kile kinachoonekana kwenye skrini. Mchezo wa kufyatua risasi au wa mbio za magari huielemea zaidi kadi ya picha, kwa sababu picha hubadilika mara nyingi kila sekunde na mchezaji hawezi kuvumilia ikikwama. Mchezo wa mikakati, hasa wa zamu, huielemea zaidi prosesa, kwa sababu nyuma ya ramani inayoonekana kutulia kuna maswali mengi yanayosubiri majibu: kikosi hiki kipite njia gani, mji ule ujenge nini, jirani huyu ashambuliwe au apewe mkataba wa biashara.

Mzigo huo hauko sawa tangu mwanzo hadi mwisho, na hili ndilo jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi. Katika zamu za kwanza za Civilization VI, kila dola ina walowezi wake na askari wachache tu, kwa hiyo zamu hupita upesi hata kwenye mashine dhaifu. Baada ya zamu 250, iwapo ramani ni ile kubwa kabisa iliyopangiwa dola 12, kuna miji mingi na vikosi vingi, na kila kimoja kinahitaji hesabu yake kabla mchezaji hajarudishiwa zamu. Mashine iliyoonekana kuwa nyepesi dukani huanza kumngojesha mwenyewe, na kungoja huko huongezeka kadiri dola zinavyokua. Tatizo hili liko pia katika Stellaris, mchezo wa kutawala nyota ambao kwa miaka mingi ulilalamikiwa kwa uzito wake wa mwishoni, na mwaka 2025 watengenezaji wake waliacha kumhesabu kila mkazi peke yake na kuanza kuwahesabu kwa makundi.

Je, prosesa yenye viini vingi si ingegawana kazi hiyo? Kiini ni sehemu ya prosesa inayoweza kufanya kazi yake peke yake, na kompyuta za siku hizi zina viini vinne, vinane au zaidi. Waashi kumi hawapandishi ukuta mara kumi upesi kuliko mmoja, maana tofali la juu halikai kabla ya la chini. Vivyo hivyo, dola ya tatu katika mchezo wa zamu haiwezi kuamua vita vyake kabla ya dola ya pili kumaliza kusogeza jeshi lake. Sehemu ya kazi hugawanyika, lakini sehemu kubwa hupangana foleni kwenye kiini kimoja, na ndiyo maana prosesa yenye viini vinne vya kasi huweza kuishinda yenye viini vinane vya polepole.

Kwa ufupi: mchezo wa mikakati huielemea zaidi prosesa kuliko kadi ya picha, hutegemea kasi ya kiini kimoja kuliko wingi wa viini, na huonyesha uzito wake halisi mwishoni.

Kumbukumbu na diski

Kumbukumbu ya kazi, inayojulikana kwa herufi RAM, ndipo kompyuta inapoweka vitu inavyovishughulikia wakati huo. Civilization VI iliomba angalau GB 4 na kupendekeza GB 8, na Civilization VII, iliyotoka Februari 2025, ilianzia GB 8. Kompyuta isiyo na kadi ya picha inayojitegemea huchukua sehemu ya RAM hiyo kwa ajili ya picha, kwa hiyo GB 8 zilizoandikwa kwenye karatasi hazibaki zote kwa ajili ya mchezo. Inafaa pia kujua kwamba vijiti viwili vya GB 4 huisaidia zaidi kadi ya picha isiyojitegemea kuliko kijiti kimoja cha GB 8, kwa kuwa data hupita njia mbili kwa pamoja. Kuhusu diski hapana haja ya maneno mengi: SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, hufungua mchezo upesi zaidi na haiharibiki kwa mtikisiko wa barabara, na mashine inayosafirishwa kutoka Bukavu hadi Hombo ikiwa na diski ya zamani izungukayo, tena ikiwa imewashwa, iko hatarini njia nzima.

Dakika kumi za kwanza na saa ya tatu

Kasi ya prosesa hutajwa kwa GHz, yaani mabilioni ya mapigo kwa sekunde, na karatasi za matangazo huandika kasi ya juu kabisa inayoweza kufikiwa. Kasi hiyo ni ya muda mfupi. Prosesa nyingi za laptopu nyembamba zimeundwa kutumia takriban wati 15 kwa mfululizo na zile za laptopu nene za michezo takriban wati 45, na kila wati inayoingia hutoka ikiwa joto. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika chipu nyingi za Intel, hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Mchezaji haoni onyo lolote. Huona tu kwamba zamu iliyochukua sekunde 20 sasa inachukua 40.

Hapa ndipo hali ya hewa inapoingia katika hesabu. Feni ya kompyuta haina uwezo wa kuipoza chipu ikawa baridi kuliko hewa inayoivuta; huweza tu kupunguza tofauti kati ya chipu na chumba. Hewa ya chumba ikiwa na joto zaidi kwa nyuzi nane, chipu nayo hupanda kwa takriban nyuzi nane, mambo mengine yakibaki vilevile. Laptopu iliyojaribiwa jioni ya baridi huko Bukavu, mji ulio takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, inaweza kumaliza saa mbili za mchezo bila tatizo, kisha ikashindwa mchana wa Hombo chini ya paa la bati. Mashine haijaharibika, wala muuzaji hakudanganya. Ni nafasi ya kupanda joto iliyopungua.

Mashine iliyotumika huja na shida ya ziada. Kati ya chipu na bamba la shaba linaloipoza hupakwa ute maalumu wa kupitishia joto, na ute huo hukauka baada ya miaka, huku vumbi likijikusanya kati ya mapezi membamba ya shaba hadi hewa ishindwe kupita. Fundi anayejua kazi yake hufungua mfuniko wa chini, huishika feni kwa kidole isizunguke ovyo, hupuliza vumbi nje, hufuta ute mkavu kwa spiriti na kupaka mpya kiasi cha punje ya mchele. Kazi hiyo ya nusu saa hurudisha kasi ambayo wengi hudhani hupatikana kwa kununua mashine nyingine, na hakuna gharama inayoilipa laptopu kuukuu vizuri kuliko hiyo.

Bati na tantalamu ndani ya mashine

Fundi huyo anapofungua mfuniko, anachokiona ni mazabodi, yaani ubao mkuu wa saketi ambao juu yake vipande vyote vimeunganishwa. Kinachoviunganisha ni lehemu, metali inayoyeyushwa ili kushikilia kipande kwenye ubao na kupitisha umeme. Hadi mwanzoni mwa karne hii lehemu ilikuwa mchanganyiko wa bati na risasi, lakini mwaka 2006 Umoja wa Ulaya ulizuia matumizi ya risasi katika vifaa vya umeme kwa sababu ya sumu yake, na aina iliyoenea tangu hapo ina bati takriban asilimia 96.5, fedha asilimia 3 na shaba kidogo. Karibu nusu ya bati lote linalotumika duniani huishia kwenye lehemu.

Sehemu ya bati hilo hutoka Walikale. Kasiterite, jiwe lenye bati, ilianza kuchimbwa kwa wingi Bisie mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kwa miaka mingi wapagazi waliibeba kwa mifuko ya takriban kilo 50 kwenye njia za msituni hadi Njingala, kisha ndege ndogo zikaichukua kutoka Kilambo, mahali ambapo kipande cha barabara ya lami kilitumika kama uwanja wa ndege. Kampuni ya Alphamin ilianza uzalishaji wa kiwanda huko Bisie mwaka 2019, na mgodi huo sasa hutoa takriban asilimia 6 ya bati la dunia. Machi 2025, wapiganaji wa kundi la waasi la M23 walipokaribia na kisha kuingia mji wa Walikale, mgodi ulisimamisha kazi na kuirejesha Aprili, na bei ya bati katika masoko ya kimataifa ilipanda kwa habari hiyo.

Uhusiano wa bati hilo na mchezo wa mikakati ni wa moja kwa moja. Chini ya prosesa kuna vitone vingi vya lehemu, vidogo kuliko punje ya mtama, na kila mchezo unapoanza chipu hupata joto na kutanuka, na unapokwisha hupoa na kusinyaa. Chipu na ubao havitanuki kwa kiwango kimoja, kwa hiyo vitone ndivyo vinavyovutwa huku na huku. Baada ya maelfu ya mizunguko, kitone kimoja hupata ufa usioonekana kwa macho, na mashine huanza kujizima ovyo au kukataa kuwaka. Kadiri tofauti ya joto inavyokuwa kubwa, ndivyo ufa unavyowahi. Kwa sababu hiyo, kuipunguzia prosesa nyuzi kumi au kumi na tano kunaongeza umri wa mashine, mbali na kuiongezea kasi.

Tantalamu ina kazi nyingine. Metali hiyo hutolewa kwenye koltani, na migodi ya Rubaya katika eneo la Masisi, iliyo mikononi mwa M23 tangu mwaka 2024, hutoa takriban asilimia 15 ya tantalamu ya dunia kwa makadirio yaliyotajwa na Umoja wa Mataifa. Hutumika kutengeneza kapasita, kipande kinachohifadhi umeme kidogo na kuutoa papo hapo unapohitajika. Kwenye mazabodi nyingi kapasita za tantalamu ni vitofali vidogo vya njano au vyeusi, vyenye mstari unaoonyesha upande wa chanya. Mchezaji anapobonyeza kitufe cha kumaliza zamu, prosesa iliyokuwa imetulia hurukia kazi kamili kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na umeme unaohitajika ghafla hutoka kwanza kwenye kapasita kabla ya njia kuu kuwahi. Bila kapasita hizo, volti ingeshuka na mashine ingezima.

Mwaka 2000 bei ya tantalamu ilipanda mara kadhaa kwa miezi michache, wakati simu, kompyuta na mashine za michezo kama PlayStation 2 zilipotafutwa kwa pamoja, na mwaka uliofuata ikaporomoka. Vijiji vya Masisi na Walikale viliyapata mawimbi hayo yote mawili katikati ya vita, na vimeendelea kuyapata. Ni dhuluma kubwa kwamba metali inayoiwezesha kompyuta kucheza vita vya kuwaza imetoka mahali ambapo vita vya kweli vimewafukuza watu makwao, na kitabu chochote kinachowaeleza wasomaji wa Kivu uwezo wa kompyuta kinawajibika kulisema hilo waziwazi.

Umeme wa jua na saa za kuchezea

Uwezo wa kompyuta huko Hombo hupimwa pia kwa wati-saa, yaani wati zinazotumika zikizidishwa kwa saa. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100, aina inayopatikana kwa urahisi, ina wati-saa 1,200 kwa hesabu ya karatasi, lakini ikimalizwa kupita nusu huchakaa upesi, kwa hiyo zinazofaa kutumika ni takriban 600. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, hupoteza asilimia 10 hadi 15, na zinabaki zaidi kidogo ya 500. Laptopu ya ofisini inayotumia wati 50 wakati wa mchezo itacheza takriban saa kumi kwa kiasi hicho. Laptopu ya michezo yenye kadi ya picha kubwa, inayotumia wati 150, haitafika saa nne. Nayo paneli ya wati 100, ikipata jua kamili la saa nne kwa siku, hurudisha wati-saa 400 tu, na mawingu ya msituni hupunguza hata hizo. Mwenye laptopu ya michezo asiyeongeza paneli atacheza leo na kungoja kesho.

Wapo wanaodhani kwamba betri ya ndani ya laptopu itaziba pengo hilo. Betri nyingi za laptopu zina wati-saa 40 hadi 90, na mashine zenye kadi kubwa ya picha hujipunguzia nguvu mara zinapochomolewa, kwa hiyo mchezo uliokuwa laini huwa mzito palepale. Kwa laptopu inayochajiwa kwa mlango wa USB-C, chaja ya gari ya volti 12 yenye wati 65 huiondoa inveta kabisa, na hasara yake pamoja nayo.

Kuna marekebisho mawili yasiyogharimu kitu. La kwanza ni kuweka kikomo cha picha 30 kwa sekunde, ambacho katika mchezo wa zamu hakimpotezei mchezaji chochote, ilhali hupunguza umeme na joto waziwazi. La pili ni kushusha kiwango cha juu cha prosesa katika mipangilio ya umeme ya Windows kutoka asilimia 100 hadi 99, hatua ambayo katika mashine nyingi huzima ile kasi ya muda mfupi. Zamu za mwanzo huchelewa kidogo, lakini za mwishoni hubaki na mwendo uleule. Civilization VI ina pia mwonekano wa ramani bapa, usiochora milima wala majengo kwa kina, unaoipumzisha kadi dhaifu ya picha.

Wachezaji wengi, mashine moja dhaifu

Michezo ya papo kwa papo ina sharti lake inapochezwa na watu kadhaa. Age of Empires ya kwanza, ya mwaka 1997, iliundwa ili watu wanane waweze kucheza kupitia modemu ya simu ya kilobiti 28.8 kwa sekunde, na watengenezaji wake walilifanikisha hilo kwa kutuma amri za wachezaji peke yake, huku kila kompyuta ikijihesabia vita vyote. Njia hiyo inafaa sana mahali penye intaneti hafifu, na hata vijana wanaounganisha kompyuta zao kwa waya chumbani bila intaneti hunufaika nayo. Gharama yake ni kwamba kompyuta zote huenda kwa hatua moja, na ile ya polepole kuliko zote huwachelewesha wote. Kwa sababu hiyo, toleo la 2019 la Age of Empires II liliweka jaribio ambalo mashine ilipaswa kulifaulu kwa alama 1,000 kabla ya kuruhusiwa kwenye mashindano ya mtandaoni.

Kuijaribu mashine kabla ya kulipa

Jaribio la dakika tano dukani hupima kile kisichohitaji kupimwa. Mnunuzi aende na faili la mchezo uliohifadhiwa ukiwa mwishoni, kwenye kijiti cha USB, au atumie kipimo kilichomo ndani ya Civilization VI yenyewe, ambacho huhesabu wastani wa sekunde za kila zamu. Mambo ya kuangaliwa ni haya:

– Zamu ya kwanza na zamu ya mwisho ya jaribio la nusu saa zichukue muda unaokaribiana. Tofauti kubwa ni dalili ya joto.
– Feni isikike na hewa ya moto itoke pembeni. Mashine inayopata moto huku feni iko kimya ina vumbi au feni iliyokufa.
– Jaribio lifanyike mara moja ikiwa imechomekwa na mara moja kwa betri.
– Chaja isomwe: wati zilizoandikwa juu yake ndizo za juu kabisa zinazoweza kudaiwa kwenye paneli.

Muuzaji akikataa jaribio la nusu saa, mnunuzi aombe walau kibodi iguswe karibu na skrini baada ya dakika kumi za mchezo, kwa kuwa hapo ndipo prosesa ilipo katika laptopu nyingi, na joto lisilovumilika kwa kidole baada ya muda mfupi hivyo litakuwa kubwa zaidi Hombo. Katika mashine za namna hiyo gharama ya fundi, yaani ute mpya na usafishaji, ihesabiwe ndani ya bei kabla ya fedha kubadilishana mikono.